Mboga za Kulthum

Mke hakuwa naye. Tima alikuwa ametangulia mbele ya haki yapata miaka miwili. Dada hakuwa naye, wala shangazi, wala mkazamwana, kwa kuwa Mungu alimjaalia mtoto mmoja tu, naye wa kike. Jiko la maana hakuwa nalo, ila seredani moja iliyovunjika mguu. Meno ya juu ya upande wa kulia hakuwa nayo. Subira ya kukuna nazi hakuwa nayo, na kupika hakukujua hata kidogo, ukitoa chai. Haya yote Khatibu wa Mtopanga aliyahesabu kimoyomoyo asubuhi ile ya mwaka 1988, Kulthum alipotokea mlangoni na mkoba begani, tumbo la miezi saba limemtangulia, akasema, "Shikamoo, baba. Nimekuja kuzaa kwetu."

"Marahaba, mwanangu," alijibu, akaupokea mkoba, huku akijiuliza atamlisha nini mchana.

Ada ya watu wa pwani ndiyo hiyo. Mimba ya kwanza, mke huondoka kwa mumewe akenda kwao, mamake akamlisha na kumtunza, akamkanda kwa maji ya moto siku arubaini baada ya kuzaa, kisha akamrudisha yeye na mtoto. Kulthum alikuwa ameolewa Likoni. Mumewe, Jaffar, alikuwa fundi wa pampu za visima huko Garissa, akija nyumbani kila baada ya miezi mitatu, na siku nyingine zote Kulthum alikaa na mamake Jaffar, Bi Barke, mjane mwenye mikono hodari na sauti ya kuagiza. Watu wote walidhani kwamba, maadamu mamake Kulthum hayupo, ada ile haimhusu tena, na mtoto atazaliwa Likoni. Kulthum peke yake hakudhani hivyo. Aliamka siku moja, akakunja nguo zake, akavuka feri.

Khatibu alikuwa na miaka sitini na mitatu. Miaka ishirini na minane alikuwa mpimaji wa mbata katika kinu cha mafuta ya nazi, Changamwe. Wakulima walileta mbata zao kwa magunia, yeye akazitia mizanini, akasoma, akaandika, na hakuna aliyewahi kusema kwamba Khatibu alimwibia hata ratili moja au kumpendelea mtu hata ratili moja. Kusoma alijifunza ukubwani, akiwa na miaka thelathini na minne, katika darasa la ngumbaru, jioni baada ya kazi, amekaa kwenye dawati la watoto magoti yamemfika kidevuni. Tangu hapo hakuliamini sana jambo lisiloandikwa.

Siku ya tatu alimpeleka Kulthum kliniki. Muuguzi wa hapo, Sista Agneta, alikuwa mwanamke wa bara aliyekaa Kisauni miaka mingi. Alimdunga Kulthum kidole, akaitazama damu katika kichupa chembamba, akaandika kwenye kadi: nane.

"Nane ni kidogo, mzee," alisema. "Mimi nataka kumi kabla hajashikwa na uchungu. Mwenye damu nane akimwaga nyingine siku ya kuzaa, tunabaki tukitazamana."

Akampa vidonge vya kuongeza damu, akamwambia ale mboga za majani kwa wingi. Khatibu akauliza, majani gani. Sista akasema yoyote, mradi yawe ya kijani. Jibu hilo halikumtosha. Mtu aliyepima mbata miaka ishirini na minane huwezi kumwambia yoyote. Aliuliza mara ya pili, kwa adabu, na mara ya tatu, kwa adabu zaidi, mpaka Sista akacheka, akaufunga mlango ili amwonyeshe karatasi kubwa iliyobandikwa nyuma yake. Ilikuwa jedwali: upande mmoja majina ya vyakula, upande wa pili kiasi cha madini ya chuma yaliyomo, ambayo ndiyo mwili huyatumia kutengenezea damu. Khatibu aliomba kiti na ruhusa ya kunakili. Alinakili saa nzima, miwani imemshuka puani, na Kulthum akalala kwenye benchi huku akimngoja.

Ijumaa Bi Barke alikuja. Hakuja kugombana, alileta maandazi, akaulizia afya ya kila mtu, akasoma fatiha kwa ajili ya Tima, ndipo akasema lililomleta. Alisema hamlaumu Kulthum kwa kutaka kwao, lakini nyumba hii haina mwanamke. Alisema amesikia habari ya damu, na kwamba damu haiongezwi na ada. Jaffar naye alikuwa ameandika kutoka Garissa: amepata likizo ya kuja mtoto atakapozaliwa, anataka kuambiwa mwisho wa mwezi wa nane mkewe atakuwa nyumba gani, ili ajue pa kufikia. Barua hiyo ilielekezwa kwa Khatibu, kwa kuwa ndiye mkubwa, na jibu lilitakiwa litoke kwake.

"Mkwe, mimi na wewe hatufichani," alisema Bi Barke. "Utamlisha nini?"

"Nitamlisha damu kumi," alisema Khatibu.

Bi Barke akakubali. Walipatana hivi: ikifika kumi mwisho wa mwezi wa nane, Kulthum atakaa kwao mpaka azae na arubaini yake imalizike. Isipofika, atarudi Likoni, na Khatibu mwenyewe ndiye atakayemvusha feri. Kulthum aliyasikia hayo akiwa nyuma ya pazia, na baada ya Bi Barke kuondoka alikuja akaketi karibu na babake, begani kabisa, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mtoto.

Kesho yake Khatibu alianza kazi.

Kibanda cha mboga cha Nduku hakikuwa mbali, hatua arubaini kutoka mlangoni kwake. Nduku alikuwa Mkamba, mumewe akifanya kazi Bamburi, na ulimi wake ulikuwa maarufu mtaa mzima. Alimwona Khatibu akija na daftari kwapani, akawaambia wateja wasogee, serikali imefika. Khatibu hakujali. Alilifungua daftari juu ya marundo ya nyanya, akaanza kusoma.

Kabichi, alisema, haikufika hata moja. Nduku alikuwa amezipanga kabichi mbele kabisa, nyeupe, zinang'aa, akazinyunyizia maji.

"Kabichi yangu imekukosea nini, Mzee Khatibu?"

"Haijanikosea. Imepimwa."

"Na hao wanaoipigania kwenye maharusi?"

"Wanapigania maji yaliyokunjwa."

Wateja walicheka, na Nduku akacheka kuliko wao. Khatibu akaendelea. Sukuma wiki, ambayo watu wa bara wameileta na watu wa pwani wameizoea, mbili na kitu. Majani ya kunde, tano na zaidi. Kisamvu, saba na nusu. Mchicha ulikuwa karibu na tisa, na alipoutaja aliutazama ule uliotupwa pembeni chini ya gunia bichi kama mtu aliyegundua kwamba jirani yake maskini ni mtoto wa sultani.

Lakini kusoma hakukumtosha. Vipimo vile vilikuwa vya gramu mia, na nani ajuaye kishada kimoja ni gramu ngapi. Akaomba mizani ya Nduku. Alipima kishada cha mchicha pamoja na mizizi, akaikata mizizi na yale mashina magumu, akapima tena, akaguna. Karibu nusu ilikuwa imekwenda. Alipima kunde vivyo hivyo, akapima kisamvu. Akaandika ni vishada vingapi vya kila mboga vitakavyomfikisha Kulthum panapotakiwa kwa siku, na mboga ipi itakuwa ya siku ipi ili asichoke.

"Na mchunga?" aliuliza Nduku. "Nyinyi watu wa hapa hamwishi kuusifu mchunga."

"Haumo katika jedwali."

"Haumo kwa sababu hauna kitu, au kwa sababu hawajaupima?"

Khatibu alifikiri. Mchunga ulijiotea bure kwenye nyua, chungu kama dawa, na mamake alikuwa akiwapikia kila wiki. Ilikuwa hoja nzuri, na alikiri hivyo mbele ya watu. Akaandika mchunga, chini yake akaandika mnavu, na mbele ya majina hayo mawili akaacha nafasi tupu.

Kupika kulimshinda kwa muda, kisha akakushinda yeye kidogo. Alijaribu kukumbuka Tima alikuwa akifanyaje. Tima alikuwa akichemsha mboga kwanza, akamwaga yale maji, ndipo akaitia tui. Basi naye alichemsha, tena sana, kwa kuogopa uchafu, akamwaga maji ya kijani kibichi uani, akatia tui alilokamua vibaya. Siku ya kisamvu alikaa barazani na kinu katikati ya miguu, akitwanga, na wanaume waliokuwa wakitoka msikitini wakasimama kumtazama. Mmoja akamuuliza ameolewa lini.

"Tangu Jumamosi," alijibu bila kuinua kichwa, akaendelea kutwanga.

Siku ya kwanza mchicha ulikuwa na mchanga. Kulthum alitafuna polepole, akameza, akasema ni mtamu. Babake akamwambia asimdanganye. Kulthum akasema, basi una mchanga, lakini ni mtamu. Alimaliza sahani yote. Kila siku alimaliza sahani yote, hata siku kisamvu kilipoungua, na Khatibu aliandika katika daftari saa, aina ya mboga, kiasi, na neno "amemaliza".

Kitu kimoja tu katika nyumba ile hakikuwa na kasoro, nacho kilikuwa chai. Khatibu alipika chai ya mkandaa, isiyo maziwa, nyeusi mpaka huoni sakafu ya kikombe, na tangawizi iliyopondwa na iliki tatu na kijiti cha mdalasini. Alikuwa akimpikia Tima chai hiyo tangu mwaka waliooana, kila chakula, na Tima alikuwa akisema mume wake hajui kusifu wala kubembeleza, lakini anajua chai. Sasa alimpikia binti wa Tima. Sahani ikitua mkekani, kikombe kimeshatua kando yake. Mboga ikiwa chungu, chai iliuondoa uchungu. Mchanga ukikwama kooni, chai iliuteremsha. Na vidonge vya Sista, vilivyokuwa na ladha ya misumari, Kulthum alivimeza kwa funda la chai. Wakimaliza walikaa hapo mkekani, vikombe mikononi, na Kulthum akamsimulia habari za Likoni, na mara nyingine wakamzungumzia Tima, jambo ambalo Khatibu hakuwa ameliweza na mtu yeyote kwa miaka miwili.

Baada ya wiki tatu walirudi kliniki. Khatibu alivaa kanzu yake nzuri. Sista Agneta alidunga kidole, akatazama, akatikisa kichupa, akatazama tena, akaandika: nane na nukta moja.

Khatibu aliichukua kadi akaisoma mwenyewe. Alisema pengine chombo kina kasoro. Sista alipima tena kwa kidole kingine, ili kumridhisha, na jibu likawa lile lile. Mzee akakaa kwenye benchi. Kulthum baadaye alisema kwamba hakuwahi kumwona babake amekaa vile, hata siku ya mazishi, mikono imelala juu ya magoti kama vitu vya mtu mwingine.

"Umemlisha nini, mzee?" aliuliza Sista. Hakuuliza kwa kumshutumu.

Khatibu alilitoa daftari kanzuni, akaanza kusoma tangu siku ya kwanza. Jumamosi, saa saba mchana, mchicha, vishada vitatu bila mizizi, umechemshwa, maji yamemwagwa, tui, wali, chai kikombe kimoja na nusu, amemaliza. Jumamosi, saa moja jioni, majani ya kunde, vishada viwili, ugali, vidonge, chai vikombe viwili, amemaliza. Alisoma kwa sauti ya ngumbaru, neno kwa neno, na wanawake waliokuwa foleni wakanyamaza kumsikiliza. Alipofika Jumatano, Sista alimwinulia mkono.

"Kila siku kuna chai?"

"Kila siku," alisema Khatibu. "Chai nzuri."

"Pamoja na chakula? Na vidonge kwa chai?"

"Ndiyo. Ya mkandaa."

Sista Agneta alivuta kiti akaketi mbele yake, wakawa magoti kwa magoti. Akamweleza polepole kwamba chai nzito ina kitu kinachoyashika yale madini ya chuma tumboni kabla mwili haujayachukua, yakapita yote yakenda zake. Mboga zake zilikuwa sawa. Jedwali lake lilikuwa sawa, yeye mwenyewe Sista hakuwahi kuona mtu aliyelifuata vile. Lakini alichokuwa akikitia kwa sahani alikuwa akikitoa kwa kikombe. Chai inywewe, kama lazima inywewe, saa mbili baada ya chakula. Badala yake, mboga ikamuliwe ndimu, maana ndimu huusaidia mwili kuyapokea. Na asichemshe mpaka ziwe uji, wala maji asiyamwage, kwa kuwa hapo anamwaga faida.

Khatibu alimwomba arudie, akaandika. Mkono wake uliandika vizuri mpaka kwenye neno chai, hapo ukasimama.

"Mama wa huyu," alisema, bila kumtazama Kulthum, "alipoteza mimba tatu baada ya kumzaa. Siku zote walimwambia hana damu. Nami nilimpelekea chai mpaka kitandani."

Sista akasema kwamba mimba huharibika kwa mambo mengi, na kwamba hakuna mtu duniani awezaye kujua sasa, na yeye hawezi kumwambia ni hilo wala si hilo. Khatibu akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu wa kupenda majibu, na hili halikuwa na jibu, na ilimbidi alibebe hivyo hivyo.

Njiani walikwenda polepole, kwa sababu ya tumbo na kwa sababu ya yale yaliyosemwa. Karibu na kibanda cha Nduku, Kulthum alimshika babake mkono.

"Mama alikuwa akiamka akisikia kijiko chako katika kikombe," alisema. "Alikuwa akitabasamu kabla hajafumbua macho. Mimi nilikuwa nikimwona. Hukujua, baba, na yeye hakujua. Alilolijua ni kwamba kila siku unakuja."

Khatibu alijikohoza, akasema kuna vumbi leo. Kulikuwa na vumbi kweli.

Jioni ile alimwendea Nduku, akamwambia, mbele ya wateja wake, kwamba hajui kupika mboga, na anaomba afundishwe. Nduku alikuwa na maneno kumi tayari mdomoni, lakini aliuona uso wake, akayameza yote kumi. Alimwonyesha namna ya kuosha mchicha maji matatu mpaka mchanga uishe, namna ya kukaanga kitunguu na nyanya, kutia majani, kufunika, na kuepua kabla rangi haijafa. Hakuna maji ya kumwaga. Khatibu alirudi nyumbani akafanya hivyo hivyo, akakamua ndimu, akatenga sahani mkekani. Kando ya sahani aliweka gilasi ya maji. Kulthum aliitazama gilasi, akamtazama babake, akaanza kula, na kwa mara ya kwanza hakutafuna kwa hadhari.

Chai ya saa mbili baadaye hawakuinywa. Khatibu alisema hana hamu nayo. Lakini waliendelea kukaa mkekani kama kawaida na kuzungumza, na mazungumzo hayakupungua.

Wiki nne zilikwenda hivyo. Kucha za Kulthum, zilizokuwa nyeupe kama karatasi, zikaanza kurudi rangi. Akapanda ngazi za kliniki bila kusimama katikati. Siku ya kupimwa, ambayo ilikuwa siku mbili kabla ya mwezi wa nane kwisha, Sista Agneta alitabasamu kabla ya kuandika, kisha akaandika: tisa na nukta sita.

Alisema imepanda vizuri sana, kwamba wakiendelea hivi itafika kumi kabla ya uchungu, na akampa Khatibu mkono kama anavyopewa mwanamume aliyemaliza kazi. Khatibu alishukuru. Lakini alipokuwa akitoka alikuwa akiiona ile nukta sita tu.

Bi Barke alikuwa aje kesho. Usiku haujaingia bado, Kulthum akiwa ameketi kizingitini akipepeta mchele, alisema kwa sauti ndogo, bila kumwelekea babake, kwamba mama mkwe hajui kusoma. Kadi akipewa ataishika juu chini. Na Sista mwenyewe amesema itafika kumi, ni siku chache tu. Tena akasema, "Sema kumi, baba. Nani atajua?"

Khatibu hakumkemea. Alikuwa anaitaka kumi ile kuliko yeye. Aliitaka nyumba iwe na kilio cha mtoto, nepi zianikwe uani, na Kulthum akae mkekani siku arubaini nyingine. Akirudi Likoni atabaki na seredani yake na daftari. Alikaa akilifikiri jambo hilo mpaka mchele ukamalizika kupepetwa.

Bi Barke alifika saa nne asubuhi, na kikapu. Walisalimiana, wakaulizana hali, wakamwombea Tima. Khatibu hakungoja kuulizwa. Aliitoa kadi, akaisimamisha mbele yake.

"Mkwe, nimeshindwa," alisema. "Ni tisa na nukta sita. Haikufika kumi."

Kulthum alikuwa mlangoni, aliinamisha uso. Bi Barke aliichukua kadi, akaitazama juu chini kama alivyosemewa, akairudisha.

"Ilikuwa nane," alisema.

"Ilikuwa nane. Kisha nane na nukta moja, kwa kosa langu mimi. Nilikuwa nikimpa chai. Sasa ni tisa na nukta sita. Nguo zake zimekwisha kunjwa, nitamvusha mwenyewe kama tulivyopatana."

Bi Barke aliomba aonyeshwe hicho anachokula Kulthum. Khatibu akamletea mchicha wa asubuhi uliobaki, umefunikwa kawa. Aliuonja kwa ncha ya vidole, akaonja tena, akauliza nani kaupika. Alipoambiwa, alimgeukia Kulthum ili ahakikishe, na Kulthum akaitika kwamba ni kweli.

"Mimi sijui kusoma," alisema Bi Barke. "Ungeniambia kumi, ningejuaje?"

"Usingejua," alisema Khatibu.

"Basi sikiliza, mkwe. Mimi sikuwa na wasiwasi na mchicha. Nilikuwa na wasiwasi kwamba mambo yakiharibika huku, mwanamume peke yake ataona haya kusema, atayafunika mpaka tuchelewe. Hilo ndilo lililokuwa likiniondolea usingizi." Alikifuta kidole chake kwa ncha ya leso. "Kulthum haendi popote. Lakini kumkanda huwezi, na kumfunga tumbo kwa mkaja huwezi, na hilo nalo usiniambie utalisoma mahali."

Khatibu alisema hilo hawezi.

"Mtanipa chumba cha ndani pamoja naye. Nguo zangu chache nimekuja nazo, zimo kikapuni."

Kulthum alicheka, kisha akalia, kisha akafanya yote mawili pamoja, na Bi Barke akamwambia anyamaze, anapoteza maji. Kabla ya adhuhuri Khatibu alikuwa amehamisha godoro lake kwenye kibanda cha uani alichokuwa akiwekea kuni, akakifagia, akatundika kanzu yake kwenye msumari. Kutoka humo aliwasikia wanawake wawili jikoni kwake wakibishana. Bi Barke alikuwa anasema mchunga kwanza, jedwali baadaye. Kulthum alikuwa anamweleza kwa nini mchicha ni wa Jumamosi.

Baada ya sala ya alasiri aliketi mezani kumjibu Jaffar. Aliandika polepole, kwa mwandiko ulionyooka. Alimwarifu kwamba mkewe hajambo, kwamba damu yake ni tisa na nukta sita, kwamba ilikusudiwa ifike kumi mwisho wa mwezi na haikufika, ila inapanda. Alimwambia kosa lililotokea na kwamba lilikuwa lake. Alimwambia mamake mzazi yuko hapa Mtopanga, amekuja kwa hiari yake, na kwamba akipata likizo afikie hapa. Bi Barke, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, alimtaka aongeze kwamba mwanawe akija asije mikono mitupu, alete samli ya Garissa. Aliongeza. Kulthum akaomba kalamu, akaandika mstari mmoja chini kabisa, akaufunika kwa kiganja mpaka wino ukauke.

Khatibu hakuusoma. Aliikunja karatasi mara tatu, akaitia katika bahasha, akailamba, akaibana kwa ngumi juu ya meza mpaka ikashika, akaandika jina la Jaffar na nambari ya sanduku lake la posta. Kisha akavaa kofia, akaipeleka posta mwenyewe, akaitumbukiza, akasikia ikianguka juu ya nyingine.